Ajaili au ajali? Sprinti kila wiki mbili, wazo jipya hakuna, mteja hatumjui

#1 Kobe_Mbio
Wakuu habari zenu.

Nimo kwenye timu ya watu tisa, tunatengeneza apu ya kuuzia na kutunza hesabu za maduka ya rejareja. Ofisi iko Kijitonyama. Hii Ajaili (Agile, mtindo wa kutengeneza programu kwa vipande vidogo vidogo) tunaifanya mwaka wa pili sasa. Stendapu (kikao kifupi cha kusimama) kila siku saa tatu asubuhi, sprinti (mzunguko mmoja wa kazi) ya wiki mbili, ukutani karatasi za rangi zote. Ukija kututembelea utasema hawa jamaa wamefika.

Juzi kwenye retro, kikao cha kujitathmini, bosi akauliza: tangu mwaka uanze, kuna kitu gani kipya kimetoka kwenye timu bila kuagizwa na mtu? Kimya. Mmoja akajitutumua akasema tulibadilisha rangi ya kitufe. Bosi akaja na swali la pili: nani humu ndani amewahi kukaa dukani akamwangalia mwenye duka anavyoitumia? Hapo kimya kikawa cha aina nyingine, mpaka feni ikasikika.

Dai langu ni hili: Ajaili yenyewe ndiyo inaua ubunifu. Mtu ukimkatia kazi vipande vya siku mbili mbili, kichwa chake nacho kinakuwa cha siku mbili mbili. Nipingeni.

#2 Pweza_Mkavu
Nimeweka kambi. Ngoja waje wenye vyeti.

#3 Fundi_Seva
Mkuu hiyo sio Ajaili, hiyo ni ajali. Mmegongwa na tiketi (zile kadi za kazi mnazogawiwa) mkabaki hapo hapo barabarani.

Tuanzie kwenye chanzo. Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, kule milimani Utah, Marekani, wakatoka na ule waraka wa Ajaili ambao kila mtu anautaja na wachache wameusoma. Kanuni ya kwanza kabisa inasema kipaumbele ni kumridhisha mteja kwa kumfikishia programu yenye manufaa mapema na mfululizo. Mteja yuko mstari wa kwanza. Stendapu yako humo hamna, sprinti hamna, karatasi za rangi hamna. Na Skramu, ule utaratibu wenye hizo sprinti na stendapu, ndipo ilipozaliwa, hapo hapo Snowbird.

Kwa hiyo msiisingizie Ajaili. Mlichukua sare mkaacha mpira.

#4 Kijana_wa_Gongolamboto
Mleta uzi, kampuni ya teknolojia mwaka huu bado mnatumia feni? Tatizo lenu la ubunifu lianzieni hapo.

#5 Bibi_Tiketi
#3 umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Skramu ni ya zamani kuliko Snowbird. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliiwasilisha mwaka 1995, na wote wawili walikuwemo kati ya wale 17. Jina lenyewe lilitoka kwa Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, walioandika makala mwaka 1986 wakifananisha timu nzuri ya kuunda bidhaa na timu ya raga: wote wanasonga pamoja wakipasiana mpira, sio kupokezana kijiti.

Na humo ndimo lilimo jibu la Kobe_Mbio. Walichokiona Japani ni timu inayopewa lengo gumu, halafu inaachiwa njia. Honda waliwapa vijana kazi ya kuunda gari ambalo vijana wenzao wangelitaka, wakaachwa watafute wenyewe. Sisi tunafanya kinyume: njia yote imeandikwa kwenye tiketi mpaka ukubwa wa herufi, halafu lengo halijulikani. Unamuuliza developa, mwandishi wa programu, hii kazi inamsaidia nani, anakutajia namba ya tiketi.

#6 Fundi_Seva
#5 nimekubali, ahsante kwa kuniweka sawa.

#7 Dada_wa_Dawati
Naomba niseme na mimi ambaye siandiki kodi (code) za programu, nalipa kodi tu. Niko huduma kwa wateja, kampuni nyingine lakini apu ya maduka pia.

Apu yetu ilikuwa na kitufe kimeandikwa "Maliza siku". Jioni muuzaji akibonyeza, mauzo yanajumlishwa. Hawabonyezi. Timu ikakaa sprinti mbili nzima inatengeneza vikumbusho: ujumbe saa kumi na mbili, ujumbe saa mbili usiku, kengele. Hawabonyezi.

Mimi nilishajua kwa nini, maana napokea simu kutwa. Mama mmoja wa Tandika aliniambia, "Mwanangu, nikimaliza siku si vitu vyangu vinafutika?" Walikuwa wanaogopa! Neno "maliza" kwao ni kama kumaliza vocha, kikiisha kimeisha. Nikaenda kwa madevelopa nikawaeleza. Wakaniambia andika tiketi. Nikaandika. Ikawekewa alama ya "umuhimu mdogo", ikakaa karibu miezi minne.

Siku walipobadilisha ikawa "Funga hesabu ya leo", zile simu zikakata ndani ya wiki. Kazi ya dakika tano. Kwenye kikao cha kusherehekea sikuitwa.

Kwa hiyo mnaosema hamumjui mteja, geuzeni viti vyenu. Sisi tunakaa meza ya pili kutoka chooni.

#8 Pweza_Mkavu
"Meza ya pili kutoka chooni" 😂😂 Kumbe ni ofisi zote.

#9 Mtu_wa_Tenda
Mnaongea kama wote tunauza apu madukani. Wengine tunajenga mifumo ya mikataba. Anayelipa anakaa ghorofa ya saba, anayetumia yuko kaunta, na hawajawahi kuonana. Mkataba una orodha ya vipengele, malipo ni awamu tatu, na kila awamu inalipwa vipengele vikiwekewa tiki.

Niliwahi kupendekeza fomu ya kurasa sita iwe ya kurasa mbili, kwa sababu nilikaa kaunta nusu siku nikaona watu wanakata tamaa kwenye ukurasa wa tatu. Jibu: mkataba unasema kurasa sita. Ukileta mbili, kipengele hakijakamilika, hulipwi. Nikaacha sita.

Hapo nimekosa ubunifu mimi, au mkataba ndio umeukataza? Fungeni vitabu vya Skramu, someni mikataba yenu.

#10 Deiwaka_wa_Usiku
Nyie mnazunguka. Ukweli ni njaa na dhuluma. Kazini kwangu kwa zamani nilileta wazo, nikachora kila kitu. Wiki mbili baadaye nikamsikia mkubwa wangu analiwasilisha kwa wageni, "mimi niliona kwamba..." Tangu siku hiyo mchana nafunga tiketi, mawazo yangu nayafanyia kazi usiku kwa wateja wangu binafsi. Nao nawajua kwa majina, na watoto wao nawajua, maana wasiponilipa sili.

Mtu yule yule, kichwa kile kile. Mchana mzembe, usiku mbunifu.

#11 Muuza_Vitenge
Wadogo zangu salaam. Mwanangu kanitumia huu uzi, anasema baba njoo uone wanavyokujadili. Mimi ndiye mteja mnayemtafuta. Nina duka Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo, na natumia apu ya namna hiyo, sitaitaja.

Kitu kimoja tu. Kila nikiuza inataka namba ya simu ya mteja, bila namba haisogei. Mtu kanunua kitenge kimoja, ana haraka ya daladala, nimwambie nipe namba yako? Wengine wanadhani nawatongoza. Sasa mimi naandika sifuri, saba, halafu sifuri mpaka boksi lijae. Inapita. Jirani zangu wote wanafanya hivyo, mimi ndiye niliyewafundisha.

#12 Mchambuzi_Data
MZEE SHIKAMOO. Naomba nikae chini kwanza.

Sisi kwetu kuna namba moja ya hivyo hivyo inayoongoza kwa manunuzi. Inanunua vitenge, saruji, dawa za mswaki, miamvuli, maduka mia mbili na zaidi. Tulishawahi kuionyesha kwenye slaidi tukaiita "mteja mwaminifu". Kuna mtu alipendekeza tumpe zawadi ya mwisho wa mwaka.

#13 Muuza_Vitenge
Marahaba. Hiyo zawadi nileteeni mimi.

#14 Kijana_wa_Gongolamboto
Nimecheka mpaka konda kanishangaa 😂

#15 Fundi_Seva
Tusicheke tu, tuseme na dawa. Kampuni ya 3M kwa miaka mingi inawaruhusu watu wake asilimia 15 ya muda kufanya wanachokitaka. Zile karatasi za kubandika ambazo Kobe_Mbio kazijaza ukutani zilitoka huko. Mwaka 1968 Spencer Silver alikuwa anatafuta gundi kali, akapata gundi dhaifu, inashika na kubanduka. Haikuwa na kazi. Mwenzake Art Fry alikuwa anaimba kwaya kanisani, vipande vya karatasi alivyowekea alama kwenye kitabu cha nyimbo vinamdondoka kila mara, mwaka 1974 akaikumbuka ile gundi. Zikaingia sokoni Marekani nzima mwaka 1980.

Wapeni watu siku moja kila sprinti, muone.

#16 Deiwaka_wa_Usiku
1968 mpaka 1980. Nani hapa Dar atakulipa mshahara miaka 12 ukisubiri gundi ipate kazi? Bosi wangu anauliza matokeo kabla chai haijapoa.

#17 Bibi_Tiketi
😂 Lakini #15 umeruka jambo. Gundi ilikuwa na mbunifu, ilikosa mwenye shida. Fry alikuwa mtumiaji. Ile asilimia 15 bila kwaya ingezaa nini? Siku ya bure kwa timu isiyomjua mteja itakuzalia kitufe cha rangi nyingine, basi.

Sisi tulishafanya hakathoni, mashindano ya kubuni programu. Fulana zilichapwa, pilau ya kutosha, mshindi akapewa hundi ya kadibodi akapigwa picha nayo. Wazo lake mpaka leo halina hata tiketi.

#18 Nahodha_wa_Sprinti
Kiongozi wa timu hapa, nitetee upande wetu kidogo. Sio kila kelele ya mteja ni ya kufanyia kazi. Kama alivyosema Henry Ford, angewauliza watu wanataka nini wangesema farasi wenye mbio zaidi. Wateja mia wana maombi mia, ukiyafuata yote unajenga gulio.

#19 Bibi_Tiketi
Hayo maneno ya farasi kila mtu anamtwisha Ford, lakini hakuna mahali palipopatikana alipoyasema wala kuyaandika. Yalianza kusambaa miaka mingi baada ya kufa kwake.

Na hata angeyasema, mbona mteja wa farasi kakuambia jambo kubwa? Anataka kufika haraka.

#20 Nahodha_wa_Sprinti
Sawa mwalimu. Hoja yangu iko pale pale.

#21 Wakala_Mstaafu
Mfano tunao karibu, wa nini kwenda kwa farasi. M-Pesa. Watu wa Vodafone na Safaricom walipoifanyia majaribio Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Basi. Wakakaa wanaangalia watu wanafanyia nini. Wakakuta mtu analipia mkopo wa mwenzake. Wengine wanaweka hela kabla ya kusafiri, wanazitoa wakifika. Wafanyabiashara wanailaza humo pesa ya mauzo kwa sababu benki imeshafunga. Ilipozinduliwa Machi 2007 habari ya mikopo ilikuwa imewekwa pembeni, ikawa kutuma pesa. Mwaka uliofuata ikaingia kwetu.

Hakuna aliyemuuliza mtu "ungependa kipengele gani". Waliangalia.

Na sisi tuna letu: "tuma na ya kutolea". Hilo neno halikutoka kwa mhandisi, limetoka kwa mashemeji na wanafunzi wa bweni. Nilipokuwa wakala nilikuwa nakaa na karatasi ya makato nawapigia watu hesabu: ukitaka apokee elfu hamsini kamili, tuma kiasi hiki. Kutwa mara thelathini. Nilikuwa apu mimi.

#22 Dada_wa_Dawati
#21 umenikosha. Lakini kuangalia kunataka akili, kwa sababu Mswahili hakuambii ubaya usoni. Nilikwenda na developa mmoja Buguruni, akamuuliza mama wa genge, "Mama unaionaje apu yetu?" Mama: "Nzuri sana mwanangu, Mungu awazidishie." Developa akaandika kwenye daftari: ameridhika. Tunatoka, nikamwambia turudi, muombe akuonyeshe alivyouza jana. Mama akachukua simu, akaizungusha mkononi, akamuita binti yake. Binti naye ndiye aliyekuwa anaijua, na jana yake alikuwa shuleni.

Akatoa daftari la mistari. Mauzo yote yamo humo, kwa kalamu ya bluu, madeni kwa nyekundu.

#23 Mchambuzi_Data
Nyongeza ndogo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwajaribisha watu watano tu unaona sehemu kubwa ya kasoro. Kwa hiyo "hatuna bajeti ya utafiti" sio sababu. Watu watano ni nauli na soda.

#24 Mtu_wa_Tenda
Watano wa wapi? Ukiwachukua Masaki unapata kasoro za Masaki.

#25 Mchambuzi_Data
Alilisema hilo pia: makundi yakitofautiana, kila kundi lijaribishwe lenyewe. Lakini kweli, watu wengi tunaishia kwenye ile tano.

#26 Fundi_Seva
Kuna lingine hamjaligusa, pointi, zile namba za kukadiria ukubwa wa kila kazi. Sisi kila sprinti tunapimwa kwa pointi tulizofunga, na chati inaonyeshwa kwa wakubwa. Dada kasema kubadilisha neno moja kuliua zile simu. Ile kazi ina pointi ngapi? Moja. Na vile vikumbusho visivyosaidia? Pengine ishirini. Sasa wewe ungefanya ipi?

Kichekesho ni kwamba Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020 hauna hizo pointi kabisa. Na ule mkutano wa mwisho wa sprinti unasema sio maonyesho tu, ni kikao cha kazi na wadau, kuangalia kilichofanyika na kuamua kifuatacho. Sisi tunaonyeshana wenyewe kwa wenyewe tunapigiana makofi.

#27 Nahodha_wa_Sprinti
Pointi hatuzipendi hata sisi viongozi. Lakini mwenye pesa akikuuliza "vijana wako wanafanya nini", utamwambia wanaangalia mama wa genge anazungusha simu? Nipeni kipimo kingine nikipeleke juu.

#28 Dada_wa_Dawati
Simu ninazopokea. Zihesabu.

#29 Nahodha_wa_Sprinti
Zikipungua kwa sababu watu wameifuta apu?

#30 Dada_wa_Dawati
Hapo umenikamata 😅

#31 Mama_wa_Tabata
Samahani natoka nje ya mada. @Muuza_Vitenge unauza jumla? Tuna harusi, sare za kamati watu arobaini.

#32 Muuza_Vitenge
Njoo tu, tutaelewana. Ila usije Jumamosi mchana, kuna fujo.

#33 Kobe_Mbio
Nimerudi wakuu. Nilikwenda Jumamosi mchana, kwenye hiyo hiyo fujo. Nimemwandikia mzee faraghani akanielekeza, nimekaa kwake muda wa saa tatu kwenye furushi la mitumba ya jirani.

Niwaambie nilichoona, kimoja tu. Mzee ana simu ya apu mkono wa kushoto, na kikokotoo kikubwa cha zamani juu ya kaunta, kile cha vitufe vya mpira. Mteja akiuliza bei, mzee anaipiga kwenye kikokotoo, anamgeuzia aone. Mteja anakichukua, anafuta, anapiga bei yake, anakirudisha. Wanakwenda hivyo mara tatu nne bila kusema sana, huku mzee anakunjua kitenge kingine begani. Wakikubaliana ndipo anaingiza kwenye simu.

Nikamuuliza kwa nini asipige kwenye simu moja kwa moja. Akanitazama kama mtoto. Akanigeuzia kioo. Pembeni ya bei ya kuuzia, kwenye mstari huo huo, kwa herufi za kijani, kuna bei ya kununulia.

Apu ni yetu. Hiyo sehemu niliijenga mimi. Nakumbuka hata tiketi yake, ilisema "onyesha faida wazi". Nilipigiwa makofi.

#34 Pweza_Mkavu
Uwiii. Yaani umemwanika mzee mtaji wake sokoni.

#35 Bibi_Tiketi
Haya. Jumatatu ulifanya nini?

#36 Kobe_Mbio
Nimeleta kwenye stendapu. Meneja wa bidhaa kasema wazo zuri, ila halimo kwenye malengo ya robo hii. Bosi kasema liingie leo leo. Wamebishana mpaka stendapu ya dakika 15 ikafika saa nne na nusu. Sasa hivi ni tiketi, bado haina pointi.

#37 Deiwaka_wa_Usiku
Nipe mimi, usiku huu naimaliza.

#38 Mtu_wa_Tenda
Kwa hiyo mleta uzi, dai lako la #1 umelifuta? Ajaili inaua au haiui?

#39 Kobe_Mbio
Nimeshindwa kuamua mkuu. Ile tiketi niliipata kwa Ajaili, na hii nayo itapita kwenye Ajaili hiyo hiyo. Ila nimeomba Jumamosi mbili kwa mwezi, wenzangu wawili wamesema watakuja. Wa tatu kauliza kama kuna posho.

#40 Muuza_Vitenge
Mimi sijui hiyo Ajaili. Nataka bei ya kununulia ifichwe. Na huyo wa posho asije, furushi lenyewe ni la jirani, haliwezi kubeba watu watatu.

#41 Mama_wa_Tabata
Nimefika Mtaa wa Kongo, duka lako lina rangi gani?